BASTOLA YA MFUKONI: NI KUMFUNGA NGAMIA AU NI KUMFUNGULIA IBILISI MLANGO?

Bismillaahir Rahmaanir Rahiim

Shukrani zote anastahiki Allah (Subhaanahu wa Ta'ala), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake, Swahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama ba'ad.



Jambo tunaloliandika leo tulitamani lisifike kwenye ukurasa wa familia, lakini limekwishafika majumbani, basi hatuna budi kulisema. Wiki chache zilizopita, baada ya darsa ya Maghrib hapa Kimisagara, mzazi mmoja alibaki nyuma wenzake walipotoka. Mkewe alikuwa amenyang'anywa mkoba na simu usiku, akipanda ngazi za mtaani kutoka Nyabugogo, akasukumwa akaumia mkono. Mzazi huyu akatoa simu yake akatuonyesha masomo anayoyatazama kila usiku: Mmarekani mmoja anafundisha namna ya kuchagua rivolva ndogo ya kubeba kila siku mfukoni bila mtu kujua. Akatuuliza: "Mwalimu, je hii si ndiyo kumfunga ngamia? Mtume hakusema tumfunge kwanza kisha tutawakali?" Halafu akaongeza kwa sauti ya chini kuwa kuna mtu amemwambia anaweza kumletea moja kutoka ng'ambo ya mpaka.

Waliosikia habari hiyo hawakushtuka wote. Wawili watatu walicheka, kisha mmoja akasema: "Akikuletea wewe, na mimi anikumbuke." Hapo ndipo tulipojua kwamba kunyamaza ni kuridhia.

Jibu letu tunalitoa mwanzo kabisa ili asiyefika mwisho asije akasema hakuelewa: HAIFAI. Baba wa familia wa Kimisagara hana ruhusa kwa sheria ya Allah wala kwa sheria ya nchi kununua bastola ya magendo na kutembea nayo mfukoni, na akiifanya hivyo hajaihifadhi familia yake bali ameiweka mbele ya hatari mpya. Sasa tueleze kwa nini, na tuanze kwa kuwatendea uadilifu wanaosema kinyume chetu.

HOJA ZAO

Wanasema kwanza: Allah katika Suratun Nisaa (aya ya 71) amewaamrisha waumini wachukue hadhari yao, na katika aya ya 102 ya Sura hiyo hiyo amewaamrisha wakamate silaha zao hata ndani ya Swala wanapokuwa mbele ya adui. Wanasema pia kwamba imethibiti katika Bukhari na Muslim kuwa anayeuawa akitetea mali yake ni shahidi. Haya ni kweli, na anayeyakanusha anaikanusha elimu.

Wanasema pili: sisi ni watu wa Rwanda. Tumeona mwaka 1994 mtu asiye na kitu mkononi alivyofanywa. Anayetuambia tukae mikono mitupu hajui tulikotoka.

Wanasema tatu: ndugu zetu walioko Marekani wanabeba, tena Waislamu wenye ndevu na swala tano. Na baada ya kuuawa Waislamu 6 ndani ya msikiti wa Quebec nchini Kanada tarehe 29 Januari 2017, na Waislamu 51 katika misikiti miwili ya Christchurch nchini New Zealand tarehe 15 Machi 2019, nani atamlaumu anayebeba?

Hizi ni hoja za watu wenye akili na wenye uchungu. Tutazijibu zote, Insha Allah, lakini kwanza tukijue chombo chenyewe.

TUKIJUE CHOMBO TUNACHOKIZUNGUMZIA

Ili isisemwe kuwa waalimu wa madrasa wanaharamisha wasilolijua, tulikaa na mzazi yule tukayasikiliza masomo hayo pamoja naye, masaa mengi kuliko tulivyopenda. Tukayaona haya.

Rivolva ni bastola ambayo risasi zake hukaa ndani ya silinda inayozunguka. Iliyo ndogo, ya kufichwa mfukoni, kwa kawaida ina risasi 5 tu, na mtutu wake ni wa sentimita 5 hivi. Kampuni ya Smith & Wesson ya Marekani ilitoa bastola ya namna hiyo mwaka 1950, na mpaka leo nyingi zinazouzwa kwa kazi hii zinafuata umbo hilo. Zilizo nyepesi zimetengenezwa kwa alumini na hazifiki nusu kilo.

Mtu husikia hivyo akaona ni kitu rahisi: chepesi, kidogo, risasi 5, unavuta, basi. Lakini wafundishaji wenyewe wa Kimarekani, ambao hawana dini yetu wala huruma ya kututisha, wanakiri kwamba hii ni katika bastola ngumu kuliko zote kulenga shabaha. Wengine husema wazi kuwa ni silaha ya mtaalamu, si ya anayeanza. Sababu zake zinafahamika. Kifyatulio chake, yaani pale panapovutwa kwa kidole, ni kizito. Nyingi zinataka nguvu ya kilo 5 hivi. Basi kidole kinavuta kilo 5 katika chombo kisichofika nusu kilo, na mkono unatikisika. Mtutu ni mfupi, kosa dogo la mkono linakuwa kosa kubwa la risasi. Na kwa kuwa ni nyepesi, inarusha mkono kwa nguvu, na anayeanza huumia, akaogopa kufanya mazoezi.

Kisha wanataja vifaa vyake. Lazima iwe na ala ngumu inayofunika kifyatulio chote, na mfuko huo usiingie kitu kingine chochote, si ufunguo, si sarafu, si tasbihi, kwa sababu kitu kidogo kikiingia penye kifyatulio huenda kikafyatua. Wanapendelea ile isiyo na nyundo ya nje ili isinase kwenye nguo. Wanataka risasi za akiba, risasi za mazoezi mbali na za kubeba, na kisanduku cha chuma chenye kufuli cha kuiwekea usiku. Juu ya yote wanataka mazoezi: si siku moja, bali mwezi baada ya mwezi, mamia ya risasi, mbele ya mwalimu.

Tukamuuliza mzazi wetu: wewe utaifanyia wapi mazoezi hayo? Juu ya Mont Kigali, nyuma ya miti? Risasi ya kwanza tu polisi wako mlangoni. Utampelekea fundi gani ikikwama? Ikiibiwa utakwenda kuripoti wapi? Ukimpiga mtu kweli akiwa mwizi, utasimama mbele ya hakimu useme nini kuhusu ulikoipata? Bastola ya magendo haifanyiwi mazoezi, haitengenezwi, haitangazwi inapopotea. Yote ambayo wafundishaji wake wanayasharutisha ili isimdhuru mwenyewe, wewe huyawezi hata moja. Umechukua hatari yake yote ukaacha kinga zake zote.

Na tena, hiyo iliyovuka mpaka usiku, wajua ilikuwa mkononi mwa nani kabla yako? Mashariki ya Kongo watu wameuawa kwa miaka karibu 30. Huenda chombo unachotaka kukitia mfukoni na kuingia nacho kusalimia wazazi wako kina damu ya muislamu au ya yatima. Na pesa yako inakwenda kwa nani? Inakwenda kumwezesha muuza silaha yule yule ambaye kesho atamuuzia mwizi wa Nyabugogo.

SHERIA YA NCHI SI JAMBO LA PEMBENI

Baadhi ya vijana wakisikia neno sheria ya nchi wanaona tumetoka nje ya dini. Hapana. Allah katika Suratun Nisaa (aya ya 59) ametuamrisha kuwatii wenye mamlaka katika yasiyokuwa maasi, na kuzuia silaha zisitapakae mitaani si maasi bali ni maslaha makubwa ya Waislamu na wasiokuwa Waislamu. Rwanda ina sheria ya silaha ya mwaka 2018, na raia hana haki ya kuwa na bunduki au bastola bila idhini ya mamlaka husika. Nchi yetu pia ni miongoni mwa zilizotia saini Itifaki ya Nairobi mwaka 2004 ya kudhibiti silaha ndogo ndogo katika Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, kwa sababu eneo hili lote limeonja uchungu wake.

Baba akikamatwa na bastola ya magendo anakwenda jela. Nani atalipa kodi ya nyumba? Nani atalipa ada? Nani atawapeleka watoto madrasa? Alitaka kumhifadhi mkewe na mwizi wa simu, akamwacha peke yake miaka. Na Waislamu wote wa mtaa wataangaliwa kwa jicho jingine, na wewe unajua jina gani watu huwa tayari kulibandika kwa Muislamu aliyekutwa na silaha iliyofichwa.

MTUME (S.A.W.) ALIFUNDISHA NINI KUHUSU KUBEBA SILAHA

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Ndugu hawa wananukuu aya za vita na hadithi za kujitetea, lakini wanaruka hadithi za namna ya kuchukuliana na silaha katikati ya watu. Nazo zipo, tena sahihi.

Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alimwamrisha anayepita na mishale msikitini au sokoni ashike vichwa vyake kwa mkono ili asimjeruhi Muislamu yeyote. Zingatieni: mshale usiovutwa upinde, ulio mkononi tu, na mwenye nao hana nia mbaya. Bado aliamrishwa afunike makali. Fikra ya kwanza ya Mtume wetu katika kubeba silaha ilikuwa ni usalama wa jirani, si ushujaa wa mbebaji.

Imepokewa pia katika Abu Daud na Tirmidhi kuwa alikataza watu wapeane upanga ukiwa nje ya ala yake. Na katika Sahihi mbili imekatazwa mtu kumwelekezea nduguye silaha, kwani hajui huenda shetani akauvuta mkono wake akaangukia katika shimo la Moto. Katika mapokezi ya Muslim imekuja kuwa Malaika humlaani anayemwelekezea nduguye chuma hata akiwa ni ndugu wa baba na mama. Mzaha haukutolewa.

Na mko wapi na kisa cha Ibn 'Umar (Radhiya Allaahu 'anhuma)? Kimo katika Bukhari, mlango wa Idi. Alichomwa na ncha ya mkuki kwenye unyayo wake huko Mina, katikati ya umati wa mahujaji. Hajjaj alipokuja kumjulia hali akasema laiti tungemjua aliyekuumiza. Ibn 'Umar akamjibu kuwa aliyeniumiza ni wewe, kwani umeruhusu silaha zibebwe katika siku ambayo hazikuwa zikibebwa, na ukaziingiza Haram nazo hazikuwa zikiingizwa. Angalieni ufahamu wa Swahaba! Hakumtafuta mwenye mkuki. Alimlaumu aliyeifanya silaha kuwa kitu cha kawaida mahali pa amani.

Basi tunawauliza: soko la Kimisagara saa kumi na mbili jioni, bega kwa bega, mama ana mtoto mgongoni, na wewe una chuma chenye risasi 5 mfukoni pamoja na funguo za nyumba. Hiyo ni Sunna ipi?

Ama ngamia, hadithi yake tunaikubali. Lakini ngamia hufungwa kwa kamba halali. Hatufungi ngamia kwa kamba iliyoibiwa, wala hatumfungi kwa nyoka.

MWAKA 1994 HAUSEMI HIVYO

Tunaingia hapa kwa unyenyekevu, maana kati ya wasomaji wetu wapo waliopoteza watu wao wote katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Hatuwafundishi wao uchungu ni nini.

Lakini tunasema ukweli wa historia. Kabla ya mauaji hayo na wakati yakiendelea, silaha ziligawiwa kwa raia mitaani na vijijini, na mpango wenyewe ulipewa jina zuri: kujilinda kwa raia. Watu waliambiwa wanajilinda. Vizuizi vya barabarani vilivyoua majirani vilisimamishwa kwa jina la ulinzi. Basi mtu wa Rwanda akisikia kuwa kila mtu awe na silaha yake ya kujilinda, awe wa kwanza kutetemeka.

Tena watu wa Bisesero walipigana kweli kweli. Walijitetea kwa mawe, mikuki na umoja wao kwa wiki nyingi, mpaka katikati ya Mei 1994 walipoletewa makundi makubwa yenye bunduki na maguruneti. Tunawaheshimu. Lakini nani atasema kuwa rivolva ya risasi 5 mfukoni mwa mtu mmoja ingeliyazuia makundi yale? Yaliyosimamisha mauaji ni majeshi yenye amri na nidhamu. Hatusemi basi kwamba silaha haina kazi duniani. Tunasema ina wenyewe, wenye mafunzo na wanaoulizwa juu ya kila risasi.

Na huku kwetu, Biryogo na Nyamirambo, wako waliookolewa na Waislamu. Waliokolewa na mlango uliofungwa, na chakula kilichopitishwa kwa siri, na mzee aliyesimama akasema hapa hayupo mtu. Wapo pia Waislamu waliojitia aibu siku zile, hatufichi. Lakini wema wa wale wema ulikuwa ni ujirani. Huo ndio urithi wa kuwarithisha watoto wetu.

NANI HUPIGWA NA BASTOLA YA NYUMBANI?

Sasa tuwageukie akina mama, maana wao hawakuulizwa na ndio wenye kulala nayo chumba kimoja.

Nchi yenye bastola nyingi ni Marekani, na huko imechunguzwa. Mwaka 2020 jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine lilitoa uchunguzi uliofuatilia watu zaidi ya milioni 26 wa California kwa miaka 12. Wanaume wenye bastola walikufa kwa kujipiga wenyewe risasi takriban mara 8 zaidi ya wasiokuwa nazo, na wanawake takriban mara 35. Mwaka 2022 ukatoka uchunguzi mwingine katika jimbo hilo hilo kuhusu wale wasiokuwa na silaha lakini wanaishi nyumba moja na mwenye silaha. Waliuawa zaidi ya mara 2 kuliko majirani wasioishi na bastola, na katika kuuawa nyumbani na mume, mke au mwenza ilikuwa takriban mara 7. Wengi wa waliouawa hivyo walikuwa wanawake. Na tangu mwaka 2020, kinachoongoza kuua watoto na vijana wa Marekani wa umri wa mwaka 1 mpaka 19 si ugonjwa wala gari, ni bunduki na bastola.

Mwizi alikusudiwa, mwenye nyumba akapatikana. Mnamkumbuka mkimbiaji Oscar Pistorius wa Afrika Kusini? Usiku wa tarehe 14 Februari 2013 alipiga risasi nne kupitia mlango wa choo, akadai alidhani ni mwizi. Ndani alikuwepo mwanamke aliyekuwa naye, akafa. Mahakama ya rufaa mwaka 2015 ikamhukumu kuwa ni muuaji. Alikuwa na leseni, alikuwa na mafunzo, na nyumba yake ilikuwa na ukuta na walinzi.

Sasa tazameni nyumba zetu. Vyumba viwili, watoto watano, pazia katikati. Utaificha wapi? Chini ya godoro wanaruka. Kabatini wanatafuta biskuti. Kwenye gunia la maharage mama anachota kila siku. Mlango wa bati hauzuii risasi, na nyuma ya bati lako ni kitanda cha jirani.

Na kuna lingine tunalisema polepole. Katika mitaa yetu wako watu wazima na vijana wenye majeraha ya moyo yasiyoonekana. Kila mwezi wa Aprili tunawaona wanavyoshikwa na ihahamuka, wanalia, wanakimbia watu ambao hawapo. Saa kama hiyo hupita, akishikwa mkono, akikaliwa karibu, akisomewa, akipelekwa kwa daktari. Lakini ikimkuta na bastola iko karibu, saa moja ile inatosha. Rehma ya Allah ni pana, na sehemu ya rehma hiyo ni kumwondolea ndugu yako kitu kitakachoifanya saa yake ngumu kuwa ya mwisho. Mwenye ndugu wa namna hiyo nyumbani asikae kimya: awaambie majirani wa kuaminika, awaone wauguzi wa kituo cha afya, na atuambie na sisi.

NDUGU ZETU WA NG'AMBO

Ama ninyi mlioko Marekani na kwingineko ambako sheria imeruhusu, hatuwahukumu kwa hali ambayo hatuishi ndani yake. Misikiti imeshambuliwa kweli. Katika Christchurch, kwenye msikiti wa Linwood, Abdul Aziz alimkabili muuaji akiwa na mashine ya kulipia kadi mkononi, na muuaji akakimbia. Mtatuambia: je, angelikuwa na bastola? Tunasema: msikiti uwe na walinzi waliochaguliwa na jamaa, waliofunzwa, wanaojulikana na polisi, na milango inayoangaliwa. Haifai kila aliyesimama safuni awe na siri yake mfukoni, kwani siku ya fitna hakuna atakayejua nani ni mlinzi na nani ni mshambuliaji.

Na aliyekwisha kubeba kwa ruhusa ya sheria, basi haya ndiyo madogo kabisa kwake: ala ngumu inayofunika kifyatulio, na mfuko usio na kitu kingine. Ikitoka mwilini iingie kwenye kufuli, risasi mbali. Mkewe ajue na aridhie. Asiibebe akiwa na hasira au huzuni kubwa. Na siku nyumba ina ugomvi au ina mgonjwa wa moyo, itoke nyumba hiyo kabisa. Hii ni dharura yenye masharti. Msitutumie picha zake kwenye simu za vijana wetu kana kwamba ni pambo la uanaume wa Kiislamu.

KUMFUNGA NGAMIA KWA KIMISAGARA

Tukishaharamisha ni wajibu wetu kuonyesha mlango wa halali, la sivyo tutakuwa tumemwacha mzazi yule na machungu yake tu.

Kwanza, irondo. Wengi wanaolalamika usalama ndio hao hao wanaochelewesha mchango wa irondo wa umudugudu, au zamu yao ikifika wanaumwa tumbo. Bei ya rivolva moja ya magendo na risasi zake ingelilipa mchango wa nyumba nyingi.

Pili, taa. Kila nyumba iliyo kando ya ngazi iweke taa moja nje. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, katika umuganda, tuombe kiongozi wa mtaa vichaka vya kando ya njia vifyekwe.

Tatu, kusindikizana. Akina mama wanaorudi kutoka Nyabugogo usiku wasipande peke yao. Waalimu wa madrasa yetu pamoja na vijana wakubwa tumeanza kusimama chini ya ngazi baada ya Isha, na tochi na firimbi, na tunapanda na yeyote, Muislamu na asiyekuwa Muislamu. Namba ya polisi 112 iwe ndani ya kila simu, na namba za majirani watano.

Nne, mfundisheni kila mtu nyumbani kwamba simu si roho. Anayetaka mkoba mpe mkoba. Kutetea mali kumeruhusiwa, hakukufanywa faradhi, na mama wa watoto watatu ni bora kuliko simu elfu.

Tano, enyi wazazi, siku ya Idi acheni kuwanunulia watoto bastola za plastiki. Idi iliyopita tuliona nje ya msikiti mtoto anamlenga mdogo wake usoni na baba yake anapiga picha akicheka. Hadithi ya kuelekeza chuma tumeitaja juu. Mkono unaozoea mchezo huo leo hauna wa kuulaumu kesho.

Ndugu wasomaji, mtataka kujua mzazi yule alisemaje. Hakukubali. Alituambia kwa adabu kuwa sisi hatukumwona mkewe usiku ule namna alivyokuwa akitetemeka, na alisema kweli, hatukumwona. Lakini Alhamisi iliyofuata baada ya Isha alikuja na tochi yake, akasimama nasi chini ya ngazi mpaka saa nne. Mtu wa mpaka bado anampigia simu. Sisi tunamuombea, na ninyi muombeeni, na mwenye kumjua mwingine kama yeye asimkimbie wala asimchongee, bali akae naye kabla chombo hakijafika.

Tunamuomba Allah azihifadhi nyumba zetu mbele yake na nyuma yake, awape shifaa waliojeruhiwa nyoyo, awarehemu waliotangulia, na azitoe silaha mikononi mwa madhalimu. Tuliyopatia ni kwa tawfiqi yake, na tuliyokosea ni kutokana na nafsi zetu na shetani.

Wallaahu A'lam.

Wa Billaahit Tawfiq.